Macho ya mtoto mwenye ualbino: kwa nini yanachezacheza, na jeni ilitoka kwa nani?

"Daktari, nina mtoto wa kiume wa miaka sita mwenye ualbino. Macho yake yanachezacheza tangu akiwa mchanga, akiangalia kitu anainamisha kichwa upande, na akisoma daftari linakaribia kugusa pua. Mume wangu na mimi ni weusi, na kwetu sote hakuna aliyewahi kuzaliwa hivi, kwa hiyo mama mkwe anasema tatizo limetoka kwangu. Muuza miwani alimpa miwani myeusi na mtoto anaivaa hata darasani. Mwalimu ananishauri nimpeleke shule ya wasioona, kwa sababu eti macho yatazidi kufa kadiri anavyosoma karibu. Nimesikia kwamba ni mambo ya jeni, na kwamba kuna dawa ya kurudisha rangi. Sasa nina mimba ya miezi mitano. Naomba unieleze: hiyo jeni ni ya nani, inaharibuje macho, mwanangu atapofuka, na huyu anayekuja atakuwaje?"

Mama, pole kwa maneno unayoyasikia kila siku, na hongera kwa ujauzito. Nianze na lile ambalo naamini ndilo linalokunyima usingizi: ualbino hautampofusha mwanao. Macho yake hayafi. Hayaoni mbali kama ya wenzake, na sitakudanganya kwamba siku moja yatafikia hapo. Lakini ualbino wenyewe hauli macho mwaka hadi mwaka. Uwezo alio nao leo ndio kwa sehemu kubwa atakaokuwa nao akiwa na miaka 20 na akiwa na miaka 50, na watoto wengi huongezeka nafuu kidogo wanapokua. Ukielewa kwa nini iko hivyo, utakuwa na cha kumjibu mwalimu, muuza miwani na mama mkwe pia.

Rangi ya ngozi, nywele na macho yetu inatokana na melanini. Inatengenezwa ndani ya seli maalumu, kwenye vifuko vidogo mno vinavyoitwa melanosomu. Humo ndani kuna kimeng'enya kiitwacho tairosinesi, ambacho huchukua tairosini, kitu kinachopatikana kwenye protini tunazokula, na kukibadilisha hatua kwa hatua mpaka kiwe melanini. Kazi hiyo inahitaji protini kadhaa zinazosaidiana, na kila protini hujengwa kwa maelekezo ya jeni yake. Jeni ikiwa na hitilafu, protini yake haijengwi, au inajengwa ikiwa na kasoro, na rangi inapungua au inakosekana. Ndiyo maana ualbino una aina nyingi. Aina ya kwanza inatokana na hitilafu ya jeni TYR iliyo kwenye kromosomu ya 11 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), ambayo ndiyo jeni ya tairosinesi yenyewe. Ya tatu ni jeni TYRP1 kwenye kromosomu ya 9, na wenye aina hiyo mara nyingi huwa na ngozi na nywele za wekundu fulani. Ya nne ni jeni SLC45A2 kwenye kromosomu ya 5. Zipo nyingine adimu zaidi.

Nimeiruka aina ya pili kwa makusudi, kwa sababu ndiyo iliyoenea zaidi kwetu Afrika kusini mwa Sahara, na kwa uwezekano mkubwa ndiyo aliyo nayo mwanao. Jeni yake inaitwa OCA2 na iko kwenye kromosomu ya 15. Mwaka 1994 watafiti walieleza hitilafu moja ya jeni hiyo ambamo kipande cha herufi zipatazo 2,700 za vinasaba, yaani za maelekezo yaliyoandikwa ndani ya jeni, kimekatika na kupotea. Hitilafu hiyohiyo imekutwa Tanzania, Zimbabwe, Kameruni, Afrika Kusini, na kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika. Kwa watu waliotawanyika kiasi hicho kuwa na mkato mmoja, mahali palepale, kuna maelezo mamoja tu yanayoingia akilini: ulitokea kwa babu au bibi mmoja wa kale sana, kabla vizazi vyake havijasambaa barani. Kwa hiyo hicho unachokihofia kama mkosi wa nyumba yako ni urithi wa zamani kuliko makabila yetu mengi.

Protini inayotokana na jeni ya OCA2 hukaa kwenye ukuta wa melanosomu. Inapitisha kloridi, na kwa kufanya hivyo inapunguza asidi iliyomo ndani ya kifuko. Tairosinesi haifanyi kazi vizuri penye asidi nyingi. Mwanao, ikiwa ana aina hii, tairosinesi anayo nzima kabisa, ila mazingira yake ndiyo yameharibika. Ni kama hamira njema iliyotiwa kwenye unga uliokandwa kwa maji ya barafu: hamira ipo, unga upo, lakini andazi haliumuki inavyotakiwa. Ndiyo sababu watoto wetu wengi wenye ualbino wana nywele za manjano badala ya nyeupe pe, na wengine hupata madoa ya kahawia kwenye ngozi wanapokua. Melanini kidogo inapatikana, tena ya aina nyepesi, ila haitoshi.

Sasa jicho. Wengi hudhani shida ya macho ya mtoto mwenye ualbino ni mwanga peke yake: jicho halina rangi, jua linaingia kwa wingi, linamuumiza, basi. Muuza miwani wako alifikiri hivyo, ndiyo maana akampa miwani myeusi akaona kamaliza kazi. Mwanga ni shida ya kweli. Duara lenye rangi linaloizunguka mboni, ambalo madaktari huliita airisi, kazi yake ni kuzuia mwanga usipite isipokuwa pale katikati. Airisi isiyo na melanini ya kutosha inapitisha mwanga kila upande, na mtoto anafinya macho. Lakini hata ukimweka kwenye kivuli cha mwembe bado hataona herufi ndogo za ubaoni. Kinachomzuia kiko nyuma ya jicho, na kilitokea kabla hujamzaa.

Nyuma ya jicho kuna retina, utando unaopokea picha. Katikati ya retina kuna kishimo kidogo kiitwacho fovea, na hapo ndipo seli za kuona vitu vidogo zilipobanana zaidi. Wewe unaposoma maneno haya unatumia fovea. Nyuma ya retina kuna tabaka la seli zenye melanini nyingi. Mimba inapofikia kama mwezi wa sita, kishimo hicho huanza kuchimbika: tabaka za juu za retina zinasogea pembeni, seli za kuona zinajikusanya katikati, na kazi hiyo inaendelea miaka kadhaa baada ya kuzaliwa. Tabaka la rangi lililo nyuma linahusika kuiongoza kazi hiyo. Wakati wa kutengeneza melanini hupatikana kitu cha katikati kiitwacho levodopa, na watafiti wengi wanaamini kwamba ni miongoni mwa ishara zinazoiambia retina ikue kwa mpangilio gani na kwa kasi gani. Melanini isipotengenezwa vizuri, ishara zinapungua, na fovea inabaki nusu au haichimbiki kabisa. Jicho linapata picha, ila picha isiyo na chembe ndogondogo.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Mzungu mwenye macho ya bluu naye ana melanini kidogo sana katika airisi. Tena mara nyingi sababu ni badiliko la vinasaba lililo jirani na jeni hii hii ya OCA2, ambalo huifanya ifanye kazi kidogo kwenye airisi. Mbona yeye anasoma na kuendesha gari bila shida? Kwa sababu tabaka la rangi lililo nyuma ya retina yake limejaa melanini kama la kwako na la kwangu, na lilikuwa limejaa wakati fovea inajengwa. Rangi unayoiona kwa nje haikwambii jicho linaonaje. Nimekutana na watoto wenye ualbino ambao macho yao yana ukahawia mzuri tu, wazazi wakaambiwa "huyu macho yake mazima", na miaka ikapita bila mtoto kupimwa. Kila mtoto mwenye ualbino apimwe macho, hata kama yanaonekana ya kahawia.

Kuna jambo la pili lililotokea tumboni. Kila jicho hutoa nyuzi za neva kwenda kwenye ubongo. Kwa kawaida nyuzi zaidi kidogo ya nusu huvuka kwenda upande wa pili, na zilizobaki huenda upande wa jicho lilelile, ili ubongo uunganishe picha za macho mawili na kujua kitu kiko mbali kiasi gani. Melanini ikipungua, nyuzi nyingi kupita kiasi huvuka. Matokeo yake macho mawili hayashirikiani vyema. Ndiyo maana watoto hawa wengi wana makengeza, na ndiyo maana mwanao anaweza kusita kwenye ngazi au kuukosa mpira unaomjia usoni. Wenzake wasimwite mzembe kwa hilo.

Kuchezacheza kwa macho, ambako kwa kitabibu huitwa nistagmasi, kunatokana na hayo mawili. Kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miezi miwili au mitatu, na wazazi hushtuka sana. Yeye mwenyewe haoni dunia ikitikisika, kwa sababu ubongo wake ulikua ukizoea hali hiyo. Mchezo huongezeka akichoka, akiogopa au akiugua, na kwa wengi hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Na kile kichwa anachokiinamisha upande, mama, ni akili yake. Karibu kila mtoto mwenye nistagmasi ana pembe moja ambayo macho yake hutulia zaidi, naye ameipata bila kufundishwa. Mtu asimnyooshe kichwa kwa nguvu. Mwalimu naye aambiwe, kwa sababu nimesikia watoto wakichapwa kwa kosa la "kumtazama mwalimu kijeuri".

Kusoma karibu hakumharibu macho. Akisogeza daftari, herufi zinakuwa kubwa kwenye retina, na hivyo anafidia kile ambacho fovea haimpi. Lenzi ya jicho la mtoto ina nguvu ya kutosha kuona karibu namna hiyo. Ukimlazimisha aweke daftari mbali huyalindi macho yake. Unamnyima kusoma tu. Kitakachomchosha ni shingo na mgongo, na dawa yake ni kibao cha mteremko cha kuegemeza kitabu juu ya dawati, ambacho fundi seremala yeyote wa mtaani anaweza kukitengeneza.

Kuhusu miwani myeusi darasani, sikubaliani nayo. Chumba cha darasa kina mwanga kidogo kuliko nje, na mtoto ambaye tayari anaona kwa shida umempunguzia hata kile alichonacho. Miwani ya jua ni ya nje, pamoja na kofia yenye ukingo mpana, ambayo kwa kweli inasaidia zaidi ya miwani. Anachohitaji ndani ni miwani ya kioo cheupe iliyopimwa kwa ajili yake. Watoto wengi wenye ualbino wana matatizo makubwa ya upeo: wengine hawaoni karibu vizuri, wengine mbali, na wengi sana wana astigmatismu, yaani jicho linakunja mwanga kwa nguvu tofauti wima na mlalo. Hilo linapimwa kwa matone ya kulegeza lenzi na tochi maalumu ambayo mtaalamu humulika ndani ya jicho. Halipimwi kwa kujaribishwa miwani dukani. Na wakati wa kupima jicho mojamoja, kuliziba kabisa lile lingine huongeza nistagmasi, hivyo mtaalamu mzoefu hutumia lenzi ya kutia ukungu badala ya kuziba. Miwani haitampa uoni kamili kwa sababu haiwezi kuchimba fovea. Lakini nimeona watoto wakivalishwa miwani sahihi mara ya kwanza wakatulia ghafla, wakaanza kuangalia nyuso za watu. Usiidharau hatua hiyo kwa kuwa haifiki mwisho wa safari.

Ombi la mwalimu la kumhamisha lina historia yake. Kwa miaka mingi Afrika Mashariki mtoto mwenye ualbino alipelekwa shule ya wasioona, akafundishwa nukta nundu, maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, na wapo walioisoma kwa macho kwa sababu macho walikuwa nayo. Baadaye, mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2000, watoto wengi walipelekwa kwenye vituo kama Buhangija kule Shinyanga kwa ajili ya usalama wao. Mambo haya mawili yamewafanya watu waamini kwamba mahali pa mtoto huyu ni bweni la pekee. Kama unaishi mahali ambapo usalama wake una mashaka, hilo ni suala zito la kuzungumza na serikali ya mtaa, ustawi wa jamii na chama cha watu wenye ualbino. Lakini kwa sababu ya macho peke yake, jibu langu ni hapana.

Wengi wenye aina ya pili huona kati ya 6/18 na 6/60. Maana ya 6/60 ni kwamba anachokiona akiwa mita 6, mwingine angekiona akiwa mita 60. Shirika la Afya Duniani linahesabu upofu pale mtu anapoona chini ya 3/60. Mwanao kwa kukadiria yuko kwenye kundi la uoni hafifu, si upofu, na mtu mwenye uoni hafifu anasoma maandishi. Akae mstari wa mbele, karibu na katikati ya ubao, dirisha likiwa mgongoni kwake na si usoni. Mwalimu ayatamke maneno anapoyaandika. Mruhusuni asimame na kwenda ubaoni kusoma bila kuomba kila mara. Atumie kalamu yenye wino mzito, na daftari lenye mistari iliyokolezwa. Kliniki ya uoni hafifu inaweza kumpa lenzi ya kukuza, ile ya duara inayowekwa juu ya ukurasa, na atakapokuwa mkubwa kidogo, darubini ndogo ya mkononi ya kusomea ubao. Akifika kwenye mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, ila shule inapaswa kumwombea mapema wakati wa usajili. Kenya utaratibu kama huo upo. Jaji Mumbi Ngugi wa Kenya na Dk. Abdallah Possi, aliyekuwa wakili na kisha naibu waziri hapa Tanzania mwaka 2015, wote wana ualbino na wote wamepita kwenye masomo ya sheria, ambayo ni kusoma mwanzo mwisho. Mwambie mwalimu hilo kwa heshima.

Dawa ya kurudisha rangi ya macho haipo, mama. Watafiti wamejaribu kuwapa watu wenye ualbino levodopa ya vidonge, kwa matumaini ya kufidia ile iliyokosekana, na walioimeza hawakuona vizuri zaidi ya waliomeza vidonge visivyo na dawa. Dawa nyingine inayoongeza tairosini mwilini imejaribiwa kwa watu wachache wa aina ya kwanza. Iligusa kidogo rangi ya nywele na ngozi, uoni ukabaki palepale. Ukirudi kwenye yale niliyokueleza kuhusu fovea utaona kwa nini ni vigumu: rangi inahitajika zaidi wakati jicho linajengwa, na mwanao ana miaka sita. Utafiti unaendelea na ninaufuatilia kwa hamu, lakini yeyote anayekuuzia leo matone, vidonge, karoti za miujiza au dawa ya mitishamba ya kudondoshea machoni, anakula pesa yako na anaweza kumletea mtoto kidonda cha jicho ambacho kweli kitampofusha.

Sasa tufike kwenye swali la jeni ni ya nani. Kila binadamu ana nakala mbili za jeni ya OCA2, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nakala moja nzima inatosha kutengeneza rangi. Mwenye nakala moja nzima na moja mbovu anakuwa mweusi kama wengine na anaona kama wengine. Huyo tunamwita mbebaji, na kwa kawaida hajijui. Mtoto anapata ualbino wa aina hii anapopokea nakala mbovu kwa baba na nakala mbovu kwa mama. Kwa hiyo wewe ni mbebaji na mumeo ni mbebaji, sawa kwa sawa. Na nakala aliyo nayo mumeo alizaliwa nayo: alipewa na baba yake au na mama yake. Sisemi hivi ili ukamrushie mama mkwe neno. Nasema ili mjue kwamba koo zote mbili zimeshiriki, na hakuna iliyotenda kosa.

Kwamba hakuna aliyewahi kuzaliwa hivi kwenu si ajabu hata kidogo. Makadirio ya Tanzania ni kwamba mtu 1 kati ya 1,400 hivi ana ualbino, wakati Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni kama 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Ili tufikie 1 kati ya 1,400, wabebaji wanapaswa kuwa takriban mtu 1 kati ya 19. Piga hesabu mwenyewe: uwezekano wa mbebaji kukutana na mbebaji ni 19 mara 19, yaani 1 kati ya 361, na kila mtoto wao ana nafasi 1 kati ya 4, ndipo unapata 1 kati ya 1,444. Kwenye daladala yenye abiria 38 huenda wawili ni wabebaji na hawana habari. Jeni inaweza kupita vizazi kumi kimyakimya mpaka wabebaji wawili waoane. Wenye undugu wa damu wakioana, kama mabinamu, nafasi huongezeka kwa sababu wanaweza kuwa wamerithi nakala ileile ya babu mmoja. Lakini wengi wa wazazi ninaowaona hawana udugu wowote. Na hakuna ulichokula, uliyemcheka, wala kupatwa kwa jua ulikokuangalia ukiwa na mimba, kunakoweza kukata herufi 2,700 za vinasaba.

Ipo aina moja ambapo ni kweli jeni hutoka kwa mama peke yake: ualbino wa macho tu, unaotokana na jeni GPR143 iliyo kwenye kromosomu ya X. Hupata wavulana, na ngozi na nywele zao huwa karibu kama za ndugu zao. Mwanao, kwa jinsi ulivyomweleza, si huyo. Vilevile mtoto mweusi mwenye macho ya bluu angavu na ngozi ya kawaida mara nyingi ana hali nyingine kabisa, inayoweza kuja na uziwi, hivyo apimwe masikio haraka.

Mtoto aliye tumboni ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa na ualbino, na 3 kati ya 4 ya kuwa mweusi. Ujauzito haukumbuki uliopita: kuwa umeshapata mmoja hakukuhakikishii kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama. Akizaliwa mweusi, kuna nafasi 2 kati ya 3 kwamba ni mbebaji, jambo lisilomdhuru. Kaka yake naye, akioa mtu asiye ndugu na asiye na ualbino, atakuwa na nafasi kama 1 kati ya 38 kwa kila mtoto. Akioa mwenye ualbino wa aina ileile, watoto wao wote watakuwa nao. Kipimo cha jeni kipo duniani, lakini kwetu si rahisi kukipata wala si nafuu, na kwa mwanao hakitabadilisha miwani wala matunzo. Nakishauri pale ambapo dalili hazieleweki. Kwa mfano, mtoto mwenye ualbino anayetokwa damu puani mara kwa mara, anayevilia damu akiguswa kidogo, au anayeugua maambukizi mazito mfululizo, huenda ana aina adimu inayogusa damu na kinga ya mwili. Huyo aonwe na daktari wa watoto kabla hata ya kung'olewa jino.

Kwa mwanao, nenda naye kwenye hospitali yenye daktari wa macho ya watoto na huduma ya uoni hafifu, kama KCMC kule Moshi au CCBRT Dar es Salaam. Kwa walio Kenya, hospitali ya macho ya Kikuyu. Arudi kila mwaka, maana miwani ya mtoto hubadilika. Siku hiyohiyo ulizia kliniki ya ngozi. Macho hayatamuua, lakini jua linaweza: saratani ya ngozi ndiyo adui mkubwa wa watu wenye ualbino katika nchi zetu, na inazuilika kwa nguo za mikono mirefu, kofia, kivuli na mafuta ya kukinga jua. KCMC wanatengeneza mafuta hayo maalumu, yanaitwa Kilisun, na hugawiwa kupitia kliniki. Kidonda chochote cha ngozi kisichopona ndani ya mwezi kionwe na daktari.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona jicho jekundu lenye maumivu, uoni uliokuwa umetulia ukishuka ghafla, au macho ya mtoto mkubwa ambayo hayakuwahi kuchezacheza yakianza sasa, hasa pamoja na kuumwa kichwa na kutapika. Mboni kung'aa nyekundu kwenye picha ya simu ni kawaida kwa mtoto mwenye ualbino. Mboni kung'aa nyeupe si kawaida kwa mtoto yeyote, mweusi au mwenye ualbino, na inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya retina. Hapo mpeleke wiki hiyohiyo. Mdogo wake akizaliwa na ualbino, mlete kwa daktari wa macho akiwa na wiki sita hadi nane hata kama huoni tatizo, na akifikisha miezi minne au mitano bila kutazama uso wako unapomnyonyesha, mlete bila kungoja.